ii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila tatizo la ii ni tatizo la mafaili na sheli, si la IRC (mfumo wa kuchati kwa maandishi kupitia seva). Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya hapa chini utayajibu mwenyewe.

ii ni nini?

Ni programu ya kuchati kwenye IRC, kutoka mradi wa suckless. Haina dirisha, menyu, rangi, wala mahali pa kuandikia. Ukiiwasha inaunganika na seva na kujenga saraka ndani ya kompyuta yako: saraka ya seva, na ndani yake saraka moja kwa kila chaneli na kwa kila mtu unayezungumza naye faragha. Kila saraka ina mafaili mawili. Moja linaitwa `in`, ambalo ni la kuandikia. La pili ni `out`, la kusomea. Kwa mfano:

    ~/irc/irc.libera.chat/in
    ~/irc/irc.libera.chat/out
    ~/irc/irc.libera.chat/#chumba/in
    ~/irc/irc.libera.chat/#chumba/out

Kazi ya ii inaishia hapo. Kuonyesha ujumbe, kuutafuta, kuupaka rangi au kukupigia kengele ni kazi ya `tail`, `grep`, `awk` na wenzao, ambao tayari unao.

IRC bado inatumika?

Inatumika. Jarkko Oikarinen aliianzisha mwaka 1988 huko Oulu, Ufini, na kanuni zake ziliandikwa katika RFC 1459, hati ya kanuni za intaneti, mwaka 1993. Miradi mingi ya programu huria bado ina chaneli zake Libera.Chat, mtandao ulioanza mwaka 2021, au OFTC. Kanuni zenyewe ni mistari ya maandishi ya kawaida, ndiyo maana programu ndogo hivi inazimudu.

Naisakinishaje?

Debian na jamaa zake wana kifurushi tayari: `apt install ii`. FreeBSD inayo katika bandari zake, `irc/ii`. Ukitaka kuijenga mwenyewe, unahitaji kikompaili cha C na `make` tu:

    git clone https://git.suckless.org/ii
    cd ii
    make
    make PREFIX=$HOME/.local install

Kwa mstari huo wa mwisho huhitaji mamlaka ya root. Hakikisha tu `~/.local/bin` imo ndani ya `PATH`. Msimbo karibu wote umo katika `ii.c`, faili lisilofika mistari elfu moja. Lisome. Unamaliza kwa jioni moja, na halihitaji mjuzi mkubwa wa C.

Naanzaje?

    ii -s irc.libera.chat -n jinalako -f 'Jina Kamili' &

`-s` ni seva, `-n` ni jina la kuchatia, `-f` ni jina refu linaloonekana wengine wakikuulizia. Usipotoa `-n`, ii inachukua jina lako la kuingilia kwenye mfumo. Mlango usipotajwa ni 6667, na saraka isipotajwa kwa `-i` ni `~/irc`. Amri hii inapita bila usimbaji. Ni nzuri kwa kujaribu, lakini soma swali la TLS (usimbaji wa muunganisho) kabla ya kuizoea.

Subiri sekunde chache, kisha:

    cd ~/irc/irc.libera.chat
    tail -f out

Ukishaona salamu za seva zimekwisha, fungua terminali nyingine, nenda saraka hiyohiyo, na uingie chaneli:

    echo '/j #chumba' > in
    echo 'Habari zenu' > '#chumba/in'

Alama za nukuu kwenye `'#chumba/in'` si mapambo. Kwa sheli, neno linaloanza na `#` ni maelezo, kwa hiyo kila kinachofuata kinatupwa na utabaki na `>` isiyo na faili. Ukiandika njia nzima, `~/irc/irc.libera.chat/#chumba/in`, bash haina neno kwa kuwa alama iko katikati. Hata hivyo zoea kunukuu.

Kuna amri zipi?

Chache, na kila moja ni herufi moja:

    /j #chaneli       ingia chaneli
    /j jina ujumbe    anzisha mazungumzo ya faragha
    /l sababu         toka kwenye chaneli hii
    /n jinajipya      badili jina
    /t maneno         weka mada ya chaneli
    /a maneno         tangaza kuwa haupo
    /q sababu         zima ii

Kitu kingine chochote kinachoanza na mkwaju kinapelekwa kwa seva kama kilivyo, mkwaju ukiwa umeondolewa. Kwa hiyo `/WHOIS fulani`, `/NAMES #chumba` na `/MODE #chumba` zote zinafanya kazi, mradi uziandike kama RFC inavyotaka. Majibu yake yanatua kwenye `out` ya seva, si ya chaneli. Wengi hungoja orodha ya majina kwenye chaneli na kudhani amri imekwama, kumbe jibu lilishafika ngazi moja juu.

Mbona `/me` haifanyi kazi?

Kwa sababu si amri ya IRC. Ni urahisi uliotiwa na programu nyingine. ii inapeleka neno `me` kwa seva, na seva inasema haiijui amri hiyo. Kitendo hutumwa kama ujumbe uliofungwa, mwanzo na mwisho, kwa baiti yenye thamani 1:

    printf '\001ACTION anacheka\001\n' > '#chumba/in'

Nimeandika `echo ... > in` na terminali imeganda. Kulikoni?

`in` ni bomba lenye jina, yaani FIFO. Mfumo haumruhusu mwandishi kulifungua mpaka awepo msomaji upande wa pili. Msomaji ni ii. Terminali ikiganda, maana yake ii imekufa na bomba limebaki. Bonyeza Ctrl-C, angalia kwa `pgrep -l ii`, kisha iwashe upya.

Kuna dada yake tatizo hili, na yeye ni mbaya zaidi kwa sababu hasemi kitu. Ikiwa bomba halipo kabisa na ukaandika `echo ... > in`, sheli inaunda faili la kawaida lenye jina `in`. Hakuna kosa linaloonyeshwa, ujumbe haufiki popote, na ii ikiwashwa tena inakuta faili lisilo bomba na haiwezi kulitumia. Angalia kwa `ls -l in`: herufi ya kwanza lazima iwe `p`. Ikiwa ni kistari, lifute na uwashe ii upya. Ndani ya skripti tanguliza `[ -p in ]` kila mara.

Ujumbe wangu unapotea bila kosa lolote.

Angalia kama mstari unaishia na alama ya mstari mpya. ii inasoma baiti moja moja hadi ikute `\n`. Ukitumia `echo -n`, au `printf 'habari'` bila `\n`, bomba linafungwa kabla mstari haujakamilika na maneno yako yanatupwa.

Sababu ya pili ni urefu. IRC inaruhusu baiti 512 kwa mstari, pamoja na neno `PRIVMSG`, jina la chaneli na baiti mbili za mwisho. Seva inapousambaza ujumbe kwa wengine inautanguliza na jina lako na anwani yako, na hizo nazo zinakula nafasi. Kaa chini ya baiti 400 na hutakatwa:

    fold -s -w 400 barua.txt | while IFS= read -r m; do
        printf '%s\n' "$m"
        sleep 2
    done > '#chumba/in'

Ile `sleep 2` usiiondoe. Seva huchukulia mistari mingi ya ghafla kuwa mafuriko na hukutoa nje. Halafu tazama `>` ilipo: nje ya kitanzi. Bomba linafunguliwa mara moja na kufungwa mara moja, badala ya kufunguliwa kwa kila mstari.

Na kama una skripti mbili zinazoandika kwenye `in` moja, je, maneno yatachanganyikana? Hapana, ilimradi kila mstari unaandikwa kwa mkupuo mmoja na haupiti `PIPE_BUF`. POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inadai kikomo hicho kisipungue baiti 512. Linux inatoa 4096.

Niliandika kwa bahati mbaya `> out`. Kumbukumbu zimekwenda?

Zimekwenda. Hiyo ni `>` ya kawaida, inalifuta faili lote kabla ya kuandika. Kinga ni kuweka `set -C` kwenye sheli unayochatia: sheli itakataa kufuta faili la kawaida lililopo, lakini kuandika kwenye bomba kutaendelea kama kawaida.

TLS je?

ii haina TLS ndani yake, kwa makusudi. Kazi hiyo unampa mwingine, na `socat` inatosha:

    socat UNIX-LISTEN:$HOME/.irc.sock,fork,mode=600,unlink-early \
          OPENSSL:irc.libera.chat:6697 &
    ii -s irc.libera.chat -u $HOME/.irc.sock -n jinalako &

Mlango wa 6697 ndio wa TLS kwa desturi. `-u` inaiambia ii ipitie soketi ya Unix badala ya kwenda yenyewe mtandaoni. Imo tangu toleo la 1.8. Jina la `-s` bado linahitajika kwa kuwa ndilo litakaloitwa saraka. `mode=600` inawazuia watumiaji wengine wa mashine hiyo kuitumia soketi yako, na `unlink-early` inaondoa soketi iliyobaki baada ya `socat` kufa vibaya, la sivyo itakataa kuanza.

Ikilalamika kuhusu cheti, ielekeze vilipo vyeti vya mfumo; kwa Debian ongeza `,cafile=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt` mwishoni mwa sehemu ya `OPENSSL`. Utakutana na ushauri wa kuweka `verify=0`. Hiyo inanyamazisha lalamiko kwa kukubali cheti cha yeyote, hivyo unabaki na usimbaji usiojua unaongea na nani.

Neno la siri naliweka wapi?

Kwenye kigeu cha mazingira, na `-k` unaipa jina la kigeu, si neno lenyewe:

    IIPASS='akaunti:nenolasiri' ii -k IIPASS -s irc.libera.chat \
        -u $HOME/.irc.sock -n jinalako &

Sababu ni kwamba hoja za amri huonekana na kila mtumiaji wa mashine kupitia `ps`. Usiliandike moja kwa moja kwenye terminali pia, maana litaingia kwenye historia ya sheli. Lisome kutoka faili lenye ruhusa 600. Libera.Chat inakubali `akaunti:nenolasiri` kama nywila ya seva na kukutambulisha papo hapo. SASL (njia ya kujitambulisha wakati wa kuunganika) haimo, kwa hiyo pale mtandao unapolazimisha SASL, kwa mfano kwa baadhi ya anwani za mashine za kukodi, ii peke yake haitapita.

Kwa kuwa `out` inabeba mazungumzo yako ya faragha, fanya `chmod 700 ~/irc` mara moja na usahau.

Nakuta `out` ina namba ndefu mwanzoni mwa kila mstari.

Ni sekunde tangu Januari 1, 1970. Matoleo ya zamani yalichapa tarehe; mapya yanaacha uamuzi kwako:

    tail -F out | gawk '{ t=$1; sub(/^[0-9]+ /,"")
        print strftime("%H:%M",t), $0; fflush() }'

Bila `fflush()` maneno yanaweza kukaa kwenye akiba na kutokea kwa mafungu mara unapoiunganisha na amri nyingine. `grep` nayo ina ugonjwa huo. Dawa yake ni `--line-buffered`. Mistari yenye `-!-` si maneno ya watu, ni taarifa: nani kaingia, nani katoka, nani kabadili jina. Kwenye chaneli kubwa `grep -v -e '-!-'` ni pumziko.

Nitajuaje nikitajwa?

    tail -n 0 -F out | grep --line-buffered -i jinalako |
    while IFS= read -r m; do printf '\a'; done

Badala ya `printf '\a'` weka chochote kinachokufaa, hata `notify-send`. Ila kumbuka kwamba `$m` ni maandishi ya mtu usiyemjua. Yaweke ndani ya nukuu kila mara, na kamwe usiyapitishe kwenye `eval` au `sh -c`. Hilo ndilo kosa linalowaangusha wanaoandika roboti kwa ii: mtu anatuma ujumbe wenye nukta mkato na amri, na mashine inaitii.

Vivyo hivyo, `out` huhifadhi baiti kama zilivyofika, pamoja na alama za rangi na mfuatano wa kuidhibiti terminali. Kama chaneli ina watundu, soma kupitia chujio:

    tail -F out | tr -d '\000-\010\013-\037\177'

Kuandika `echo` kila mara kunachosha.

Kunachosha kweli, na hakuna anayefanya hivyo baada ya siku ya kwanza. Ukiwa ndani ya saraka ya chaneli, gawanya tmux (programu ya kugawanya terminali) vipande viwili: juu `tail -F out`, chini kitanzi hiki cha bash:

    while IFS= read -e -r m; do
        [ -p in ] && printf '%s\n' "$m" > in
    done

`-e` inakupa kusogea ndani ya mstari na kuurekebisha. Na kwa kuwa unachoandika hapa hakipiti tena kwenye sheli kama amri, nukuu na alama za mshangao hazikusumbui.

Muunganisho ukikatika, ii inarudi yenyewe?

Hairudi. Seva ikikaa kimya ii inaipigia PING, na zikipita sekunde 300 bila kusikia lolote inajizima ikiacha hali ya kutoka 2. Muunganisho ukifungwa na seva inajizima vilevile. Kurudi ni kazi ya skripti inayoisimamia:

    #!/bin/sh
    d=$HOME/irc/irc.libera.chat
    while :; do
        ii -s irc.libera.chat -u "$HOME/.irc.sock" -n jinalako &
        p=$!
        sleep 20
        if kill -0 "$p" 2>/dev/null && [ -p "$d/in" ]; then
            for c in '#chumba' '#sebule'; do
                printf '/j %s\n' "$c" > "$d/in"
                sleep 2
            done
        fi
        wait "$p"
        sleep 60
    done

Sekunde 20 za mwanzo ni za kusubiri seva imalize kukupokea. Ukituma `/j` mapema mno itakataliwa. `kill -0` inahakikisha ii bado i hai, kwa sababu ikiwa imekufa `printf` itaganda kwenye bomba na skripti haitasonga tena milele. `sleep 60` ya mwisho ni adabu: seva nyingi humfungia anayegonga mlango kila sekunde. Iendeshe ndani ya tmux au kwa `nohup` ili isife ukifunga SSH.

Jina langu linatumika tayari.

Utaona hivyo kwenye `out` ya seva, na hutapokelewa mpaka ubadilishe: `echo '/n jinajingine' > in`. Mara nyingi aliyelishika ni wewe mwenyewe wa dakika tano zilizopita, muunganisho wa zamani ambao seva bado haijaugundua kuwa umekufa. Ungoje, au umwombe NickServ, huduma ya mtandao inayosimamia majina, akurudishie jina.

Saraka ya rafiki yangu ina jina tofauti na lake.

ii inageuza herufi zote kuwa ndogo, na inabadilisha alama inazoziona si salama kuwa `_`. Hivyo `Juma[kazi]` anakuwa `juma_kazi_`. Jina halisi liko ndani ya `out`.

`out` inakua bila kikomo. Nifanyeje?

Ihamishe tu: `mv out out.1`. Huhitaji kuizima ii, kwa sababu inalifungua faili upya kwa kila mstari inaouandika na kulifunga. Anayebaki nyuma ni `tail -f`, ambaye ataendelea kulitazama faili la zamani. Ndiyo maana mifano mingi ya hapa juu ina `tail -F`, inayofuata jina badala ya faili.

Naweza kuunganika na mitandao miwili?

Ndiyo. Washa ii ya pili yenye `-s` nyingine. Ukitaka majina mawili kwenye seva ileile, ipe ya pili `-i` tofauti, la sivyo zote mbili zitasoma bomba moja na kila ujumbe utachukuliwa na iliyowahi.

Naweza kuweka `~/irc` kwenye diski ya nje au NFS (diski ya kupitia mtandao)?

FAT na exFAT haziwezi kubeba FIFO, kwa hiyo huko ii haitaweza kuunda `in`. Kwenye NFS bomba litaundwa, lakini linawaunganisha walio kwenye mashine moja tu: ukiandika kutoka kompyuta ya pili utaganda hata kama ii inaendelea vizuri kwenye ya kwanza. Weka saraka kwenye diski ya ndani, na ukitaka kuchati ukiwa mbali ingia kwa SSH.

Kuna mambo gani ambayo ii haina na haitakuwa nayo?

Kupokea mafaili moja kwa moja kutoka kwa mtu (DCC), kujibu maswali ambayo programu za IRC huulizana (CTCP) kama VERSION, SASL, TLS, orodha ya majina pembeni, kukamilisha majina kwa kitufe cha Tab. Baadhi utaviziba kwa skripti. Ukijikuta unaviziba vyote, irssi au WeeChat itakufaa zaidi.